Maneno ya Dalali na Mteremko wa Lyamba lya Mfipa

Fedha ya mahindi, maharage na alizeti inapoingia mikononi mwa watu Ufipa, sehemu yake huishia kwenye pikapu iliyotumika. Mnunuzi hatafuti gari la kutembelea. Anataka kufunga tela nyuma, avute magunia kutoka Mpui au Kaengesa mpaka Sumbawanga mjini, ashushe mashine ya kusaga kule Muze, apandishe samaki kutoka Kasanga. Gari hilo limelipiwa kwa jasho la misimu kadhaa, na likifa njiani mwenyewe hana la pili. Kwa hiyo maneno anayoambiwa yadini na vijiweni kwa madalali yanastahili kujibiwa, moja baada ya jingine.

Sisemi kila dalali ni mwongo. Wengi husema wanachokiamini, maana nao waliambiwa hivyo na aliyewaletea gari. Tatizo ni kwamba karibu maneno yao yote yanahusu gari tupu kwenye barabara tambarare, na tela la Ufipa halivutwi huko. Uwanda wetu uko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki unakatika ghafla kwenye Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi unashuka kwenda Ziwa Tanganyika. Kila upande ni kama mita 1,000 za kushuka, na baadaye za kupanda.

Neno linaloongoza kwa kuuza magari ni hili: "Hii ni namba D, bado mpya kabisa." Siku hizi wapo wanaotamba na namba E. Herufi hizo kwenye pleti zinaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Pikapu iliyotengenezwa mwaka 1998 ikashushwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2016 inapewa namba ya mwaka 2016. Kenya imezuia kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Sisi hatuna ukomo huo, tunachofanya ni kulitoza kodi zaidi gari kuukuu. Gari la zamani lenye namba mpya ni jambo la kawaida nchini, wala si kosa la mtu. Kosa ni kulilipia bei ya gari jipya. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Usome huo, kisha uinamie chesisi yenyewe uitafute namba iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta pamesuguliwa au pamechomelewa upya, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Ndugu wa neno hilo ni "namba ya njano, haijawahi kufanya biashara." Njano maana yake gari lilisajiliwa kwa matumizi binafsi, na nyeupe ni la biashara. Rangi ya pleti haisemi lilibeba nini usiku. Na wewe ukipanga kubeba mizigo ya watu kwa malipo, utahitaji kubadilisha namba na kuwaona LATRA kuhusu leseni, gharama ambayo dalali haijumlishi anapokutajia bei.

"Imetoka Japani moja kwa moja, imetembea kwenye lami tupu." Kwa Hilux za zamani hili linaweza kuwa kweli. Lakini Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, na haikuirudisha sokoni huko mpaka Septemba 2017. Katikati hapo ndipo ilipotoka ile tunayoiita Vigo, iliyotengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Kampuni ya Kijapani inaweza kukuuzia Vigo ya mwaka 2009, ila uwezekano kwamba ilikuwa ikitembea kwenye barabara za Japani ni mdogo mno. Ilitumika kwingine: Thailand labda, au Uingereza, au Afrika Kusini. Muulize dalali ni wapi. Akisisitiza Japani kwa gari la miaka hiyo, umeshajua kwamba historia ya gari hilo haijui, na mengine yote atakayokuambia uyapime kwa kipimo hicho.

Mahali gari lilipotumika ni jambo zito kwa mvuta tela kwa sababu ya kutu. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ile hula chesisi kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Watu hubisha kwamba Toyota haiozi. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa ajili ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizoliwa na kutu. Hiyo ni kampuni ile ile. Na si lazima gari litoke Ulaya ndipo lionje chumvi. Pikapu iliyopandisha samaki wa chumvi kutoka Kirando au Kasanga kwa miaka mingi imedondokewa na yale maji safari nzima, kutoka kwenye bodi mpaka kwenye chesisi. Ndoano ya tela hufungwa hapo hapo nyuma ya chesisi, penye unyevu na tope. Chukua nyundo ndogo, gonga chuma urefu wake wote. Kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari ambalo bodi lake limechubuka ni sababu ya kugonga zaidi, si ya kupongeza.

Kuhusu kilomita sitachelewa. "Laki moja na ishirini tu" ni tarakimu zinazoweza kurudishwa nyuma kwa kazi ya muda mfupi. Kwa gari lililotoka kweli Japani, omba hati yake ya kusafirishwa nje. Imeandikwa usomaji wa kilomita wa wakati wa ukaguzi wa huko. Kama hati haipo, tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva, kisha uamini hivyo.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo. Dalali wa Sumbawanga atakuambia: "Dizeli ya kawaida, haina turbo, kwa hiyo haisumbui." Nusu ya neno hili ni kweli. Injini kama 5L ya Hilux, yenye cc 2,986, au 1HZ ya Land Cruiser, yenye cc 4,164, zinapendwa Afrika nzima kwa sababu fundi wa kijijini anazimudu. Lakini kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, kwa hiyo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hata kabla hujafunga tela. Gari lililopanda vizuri na mzigo kule Morogoro linaweza kukwama na mzigo ule ule likitokea Muze. Dereva asiyelijua hilo hukanyaga zaidi, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa iliyopo, moshi mweusi unatoka, na joto linapanda. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo iliyopotea. Hasara yake ni kwamba injini za turbo zina udhaifu wake: 1KZ-TE ya Toyota inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikishachemshwa, na hedi iliyopasuka kwenye injini ya namna hiyo ni gharama inayotosha kumrudisha mkulima nyuma msimu mzima. Kwa hiyo "haina turbo" si sifa, na "ina turbo" si sifa pia. Tunachotaka kujua ni kama injini hii, katika hali yake ya leo, inapanda Lyamba ikiwa na tani moja nyuma.

Hapo ndipo linapokuja neno ambalo binafsi naliona la hatari kuliko mengine yanayohusu injini: "Hapa kwetu baridi, gari haiwezi kuchemsha." Wageni wanaotoka Dar es Salaam hulikubali haraka, maana wameshatetemeka na baridi ya Juni. Lakini joto la injini halitoki kwenye hali ya hewa. Linatoka kwenye mzigo. Hewa ile ile nyembamba inayoipunguzia injini nguvu ndiyo inayopita kwenye rejeta, na kwa kuwa ni nyembamba inabeba joto pungufu kila feni inapozunguka. Kwenye mwinuko wetu maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayasubiri 100. Rejeta huokolewa na mfuniko wake unaohifadhi mgandamizo, na mfuniko huo ukiwa mbovu, kifaa cha bei ndogo kabisa, unapoteza akiba yote. Tena safari ya kupanda huanzia chini, na chini bondeni si baridi hata kidogo.

Kwa hiyo fungua rejeta injini ikiwa imepoa, uangalie maji yana rangi gani. Mafuta yanayoelea, kutu nzito, au maji matupu ya bombani ni taarifa. Uliza pia kama thamostati ipo. Mafundi wengi huiondoa gari linaposumbua kwa joto, na wenye gari husema limepona. Halijaponywa. Aliyeiondoa alikuwa anapambana na kitu fulani, rejeta iliyoziba au gasketi ya hedi inayovuja, na kitu hicho bado kimo.

"Imeongezwa springi, inabeba chochote." Springi za ziada zinainua mkia wa gari, ndiyo. Hazigusi uwezo wa ekseli, wala wa breki, wala wa chesisi. Na kuna madhara ambayo ni wachache wanaoyasema. Pikapu nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia bodi limeshuka kiasi gani, ndipo iruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Ukiongeza springi bila kurekebisha vali hiyo, bodi halishuki. Vali inadhani gari ni tupu, inazinyima breki za nyuma mgandamizo, na mzigo wote unazuiwa na magurudumu ya mbele. Mwenye gari anafurahia kwamba halilali nyuma, kumbe amelipunguzia breki siku anayozihitaji zaidi. Fundi anayejua kazi anaweza kuirekebisha. Mwulize muuzaji kama ilifanyika, na nani aliifanya.

Wengine hukuonyesha ndoano: "Ona, ina ndoano tayari, imezoea kuvuta." Kuzoea kuvuta maana yake kilachi, giaboksi na difu zimeshafanya kazi hiyo. Gari lililovuta kwa miaka lichunguzwe zaidi. Ndoano yenyewe itazame: imefungwa kwa boliti kwenye chesisi pande zote mbili, au fundi aliichomelea kwenye bamba la nyuma? Uzito unaoikandamiza ndoano unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela. Ukiwa pungufu tela huyumba, ukizidi mkia hushuka na usukani unakuwa mwepesi. Tela lenye magunia 10 ya kilo 100, likiwa lenyewe na kilo 400, ni kilo 1,400. Ndoano inabeba kilo 140 hadi 210, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Hapo tumekadiria magunia halali. Lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka yote kwa kuwa inamwibia mkulima, inamwibia na dereva: gunia likijazwa kilo 120 au 130, tela la tani moja limekuwa la tani moja na robo bila mtu kulitamka.

Na hapa ndipo lilipo neno kubwa kuliko yote: "Hii inavuta hata tani tatu." Zipo Hilux mpya za dizeli ambazo mtengenezaji anazipa uwezo wa kilo 3,500 katika baadhi ya nchi. Si kila Hilux, si kila mwaka, na takwimu hiyo ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, Ulaya na Australia zimeweka mstari kwenye kilo 750. Tela nyingi tunazozichomelea wenyewe, kwa ekseli ya gari lililokufa na mbao za bodi, hazina breki ya aina yoyote. Kwa hiyo dalali anachukua takwimu ya tela moja na kuivika tela nyingine.

Anasahau pia kwamba kuvuta ni nusu ya kazi, kwani mteremko ndio unaoua. Chukua pikapu na tela vyenye jumla ya kilo 3,500, vishuke mita 1,000 kutoka juu ya Lyamba mpaka bondeni. Nguvu inayopaswa kumezwa njiani, ili mwendo usizidi, inatosha kuchemsha takriban lita 100 za maji baridi. Sehemu yake inamezwa na injini ikiwa dereva ameshuka kwa gia ya chini, na sehemu na upepo. Inayobaki inaingia kwenye breki. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huku mguu uko kwenye breki anaiingiza karibu yote kwenye diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa yamenyonya maji, na maji hayo yakichemka pedali inazama mpaka chini. Kwenye kona za kushukia Muze kuna wanawake wenye mizigo kichwani, watoto wa shule na bodaboda. Ninaposema tela lifungwe breki, wao ndio ninaowafikiria kwanza, kabla ya magunia.

"Ilikuwa gari ya misheni." Au ya shirika, au ilikuwa na namba za DFP za mradi wa wafadhili. Lakini mapadri na miradi ndio waliokwenda kwenye vijiji ambavyo basi halifiki, kwa barabara mbaya. Ni kweli, gari hilo huenda lilihudumiwa kwa wakati, na kama ni hivyo daftari la matengenezo lipo. Lioneshwe. Bila daftari, "misheni" ni jina tu.

Yadi zote husema: "Njoo na fundi wako." Hili ni jema, na namsifu anayelisema kwa moyo safi. Lakini halitoshi, kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba fundi aliyependekezwa na dalali si wako. Mji si mkubwa, watu wanajuana, na fundi anayetegemea dalali kumletea kazi kesho hawezi kumharibia biashara leo. Mtafute mwenyewe, umlipe mwenyewe, na umlipe sawa gari likinunuliwa au lisiponunuliwa. La pili ni wakati. Fika asubuhi na mapema, kabla hawajakutarajia, na uweke kiganja juu ya boneti. Likiwa la vuguvugu, gari limeshawashwa kabla hujafika, na ule ushahidi wa kuwaka likiwa baridi umepotea. Baridi ya asubuhi ya Sumbawanga ni mkaguzi mzuri: dizeli yenye kompresheni dhaifu au hita plagi zilizokufa hupiga stata kwa muda mrefu, ikatoa moshi mweupe unaouma macho. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Likiwa linaunguruma, fungua kifuniko cha oili uone kama injini inapumua kwa nguvu.

Kisha lijaribiwe na mzigo. Sizungumzii kuzunguka mjini mara moja na kurudi. Kodi tela, pakia magunia, weka dizeli kwa fedha yako, mwenye gari akae pembeni yako, mtafute kilima cha kweli. Tazama geji ya joto kileleni. Ukishuka, sikiliza kama gia ya pili inaruka ukiachia mafuta. Kwenye kupanda, weka gia kubwa kidogo ukanyage: mlio wa injini ukipanda huku mwendo haupandi, kilachi kimekwisha. Saa mbili za namna hii zitakuambia zaidi ya wiki nzima ya maelezo. Muuzaji anayesema gari linavuta tani tatu hana sababu ya kukataa tani moja.

"Kadi ipo benki, utaletewa." Maana yake gari ni dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, na deni lisipolipwa benki italifuata kwako. Fedha ilipwe benki moja kwa moja, kadi itolewe hapo hapo, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA bila kulala. Na tela nalo lina usajili wake na kadi yake, usilichukulie kama gunia.

La mwisho ni lile linalowanyamazisha watu: "Gari iliyotumika hairudishwi. Ulilinunua kama lilivyo." Hili si kweli kwa ujumla wake. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo kazi anayotaka bidhaa ifanye, kwa namna inayoonyesha anategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Ulinzi huu una mipaka. Unambana mwenye yadi kuliko jirani yako anayeuza gari lake moja. Kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona unaweza kuambiwa ni yako. Ukiingia na kuagiza "nataka Hilux" kwa jina, bila kueleza kazi, umejipunguzia nguvu. Na ukitia saini karatasi inayosema unalichukua lilivyo na kasoro zake zote, huenda umeusalimisha wote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mkataba uandikwe hivi: nanunua gari hili, namba ya chesisi hii, kwa kazi ya kuvuta tela la kilo kadhaa kati ya Muze na Sumbawanga, muuzaji ameelezwa kazi hiyo na amenihakikishia kwamba gari linaiweza. Mwaka wa kutengenezwa uandikwe, kilomita ziandikwe, na kila sifa aliyoitaja dalali iandikwe kama alivyoitaja. Sifa ambayo muuzaji anakataa kuiandika, iondoe pia kwenye bei. Wasaini muuzaji, mnunuzi na dalali, wawepo mashahidi wa pande zote mbili, na nakala yako isikae ndani ya gari.